Mila Isiyongoja Mtazamaji

Msafiri anayeingia Slovakia kutafuta mila huzipata upesi mno, na hapo ndipo anapoanza kupotea. Nchi ni ndogo, watu wake ni milioni 5.4 hivi, na vitabu vya wageni vimekwisha kumpangia njia. Ataelekezwa Čičmany, kijiji cha nyumba za magogo meusi zilizochorwa nakshi nyeupe. Ataelekezwa Vlkolínec, kijiji cha mlimani ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Akifika majira ya joto atakwenda Východná, chini ya milima ya Tatra, ambako tangu mwaka 1953 vikundi vya ngoma na nyimbo hukusanyika kwa tamasha la jadi lenye sifa kubwa nchini. Huko ataona sketi zilizotarizwa, wanaume wakiruka na vishoka vya kichungaji mkononi, na mafidla yasiyopumzika. Atashiba macho, na atarudi kwao akiamini ameiona Slovakia ya ndani. Mimi naamini aliyoyaona ni ya kweli, lakini ni machache, na si hayo yanayowashika watu wa nchi hiyo pamoja. Yanayowashika hayakupangwa ili yaonwe. Kipimo changu ni chepesi kukitaja: desturi iliyo hai ni ile ambayo ingefanywa vilevile hata kama hakuna jicho la nje la kuitazama. Kwa kipimo hicho msafiri ana kazi ngumu, kwa kuwa yaliyo hai zaidi ndiyo ambayo hana haki ya kuyaona mpaka aalikwe.

Tuanzie mlangoni, maana ndiko desturi za kila siku zinakoanzia. Katika nyumba ya Mslovakia viatu havivuki kizingiti. Mgeni anapoinama kuvivua, mwenyeji humwambia asijisumbue, na mgeni huvivua hivyo hivyo, naye mwenyeji humletea sapatu za akiba zilizowekwa kwa kazi hiyo. Kila mmoja anajua mwenzake atasema nini, na hakuna anayeacha kusema. Watoto hufundishwa hivyo hata shuleni, ambako kila mwanafunzi ana viatu vyake vya ndani. Anayekuja na maua huhesabu shina: yawe matatu, matano au saba, kwa sababu maua ya idadi shufwa ni ya msiba. Halafu kuna kalenda. Karibu kila siku ya mwaka ina jina la mtu: tarehe 19 Machi ni ya akina Jozef, 26 Julai ni ya akina Anna, na kadhalika hadi Desemba. Siku ya kuzaliwa ya mtu huijua nduguze na rafiki zake tu, lakini siku ya jina lake huijua kila aliye na kalenda ukutani, kwa hiyo mfanyakazi mwenzake, jirani wa ghorofa ya juu na muuza duka wote wana sababu ya kumpa mkono na kumtakia afya. Siku moja kwa mwaka mtu hukumbukwa hata na wasiomfahamu vizuri, pasipo yeye kuandaa chochote. Haya ni mambo madogo, na hakuna anayelipa tiketi kuyaona. Ndiyo maana yamesalia bila ulinzi wa wizara wala wa makumbusho.

Lakini hakuna mahali ambapo kipimo changu kinajibiwa wazi kama kwenye meza ya tarehe 24 Desemba. Siku hiyo maduka hufungwa mchana, na jioni mitaa ya Bratislava na Košice huwa mitupu hivi kwamba mgeni aliyebaki hotelini huweza kudhani kuna msiba wa taifa. Watu wako ndani. Wanaofuata mfungo wa zamani hawajala kitu cha maana tangu asubuhi. Mlo huanza kwa sala, na katika nyumba nyingi mama huchovya kidole katika asali na kumchora kila mmoja msalaba kwenye paji la uso. Huja kwanza mikate mikavu, myembamba sana, iliyochapwa picha za Betlehemu kwa chuma cha kuokea. Huliwa kwa asali na punje ya kitunguu saumu, utamu na ukali kwa pamoja mdomoni, na asiyekulia nayo hukunja uso kwanza. Hufuata supu ya kabichi iliyochachushwa, na hapa kila nyumba ina katiba yake: kwingine ina soseji, kwingine haina nyama kabisa ila uyoga mkavu na plamu kavu, na mke aliyeolewa mbali na kwao hupigania supu ya mama yake kwa miaka mingi. Kisha samaki wa bwawani aitwaye kapor, pamoja na saladi ya viazi, na mwisho vipande vya mkate vilivyolowekwa na kuchanganywa na asali na mbegu nyeusi za mpopi. Tufaha hukatwa kwa upana. Mbegu zikionyesha nyota isiyokatika, mwaka utakuwa wa afya. Jozi hurushwa kwenye pembe za chumba. Zamani mnyororo ulizungushwa kwenye miguu ya meza ili jamaa washikamane mwaka mzima. Sahani moja ya ziada huandaliwa kwa mgeni asiyetarajiwa. Tena hakuna anayeruhusiwa kuinuka mezani kabla mlo haujaisha, isipokuwa mama mwenye nyumba. Anayeinuka, wazee walisema, huenda asiuone mkesha ujao. Nitamrudia mama huyu, kwa sababu uzito wote wa hoja yangu umemkalia yeye.

Mtu anaweza kusema meza hii imedumu kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Sivyo. Imeguswa na mikono yenye nguvu kuliko ya watalii wote. Wakomunisti walishika serikali ya Chekoslovakia mwaka 1948. Mwezi Aprili 1950 nyumba za watawa wa kiume zilivamiwa usiku, watawa wakapakiwa kwenye mabasi na kupelekwa kufungiwa; mwezi huohuo Kanisa Katoliki la Kigiriki, lenye waumini wengi mashariki mwa Slovakia, likafutwa kwa amri. Mnamo Desemba 1952 waziri mkuu Antonín Zápotocký aliwahutubia watoto kwa redio, akawaeleza kwamba Mtoto Yesu, ambaye kwa desturi za huko ndiye aletaye zawadi za mkesha, sasa amekua, ameota ndevu na kuwa Babu Baridi, yule mzee wa Kirusi. Serikali ilikuwa na redio, shule, viwanda na polisi. Ilimweka Babu Baridi kwenye sherehe za watoto kazini na madukani. Hata hivyo aliishia kwenye kizingiti cha nyumba. Ndani, mama aliendelea kuwaambia wanawe kwamba kengele iliyolia ni ya Mtoto Yesu, na utawala ulipoanguka mwaka 1989 Babu Baridi aliondoka pasipo mtu kumwaga chozi. Serikali haikujua namna ya kuingia mahali pasipo na jukwaa.

Sasa tazama upande wa pili, maana ndiko ushahidi wangu unakopata nguvu. Utawala huohuo uliofunga nyumba za watawa uliipenda ngoma. Kikundi cha Lúčnica kiliundwa mwaka 1948, kile cha taifa, SĽUK, mwaka 1949, na tamasha la Východná likafuata 1953. Mwimbaji aliyeimba wimbo wa harusi jukwaani alilipwa mshahara na kusafirishwa nchi za nje. Padri aliyefungisha harusi hiyo kijijini aliishi chini ya macho ya wapelelezi. Hii si kusema kwamba wachezaji wale walikuwa vibaraka. Wengi walikuwa wasanii wa kweli, na ufundi wao unasimama hadi leo. Nasema tu kwamba mila ikishapandishwa jukwaani huweza kutenganishwa na sababu yake, na ikishatenganishwa, mtawala yeyote anaweza kuipigia makofi. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona ngoma ya unyago ikipangiwa dakika tano uwanjani siku ya sikukuu ya taifa, mbele ya mgeni rasmi, hahitaji maelezo zaidi. Wimbo wa mavuno unaoimbwa pasipo mavuno unaweza kuwa mzuri sana kwa sikio, ila haumwambii yeyote afanye nini kesho.

Desturi ya nyumbani, kinyume chake, huweza kumwambia mtu afanye nini, na hata kumtoa nje. Tarehe 1 Novemba barabara za Slovakia hujaa kwa sababu watu hurudi walikozikwa wazee wao. Husafisha makaburi, huweka maua ya krisanthemamu, na giza linapoingia kila kaburi lina mshumaa wake, na yale yasiyo na wenyewe hupewa mwanga na wapita njia. Siku ni ya Kanisa, lakini wasioingia kanisani nao huenda, na walikwenda hata miaka ile ambayo kuonekana mcha Mungu kulimharibia mtu kazi. Mshumaa ulikuwa kitu kilichokuwemo katika kila kabati. Basi tarehe 25 Machi 1988, Wakatoliki wa Slovakia walipotaka kudai uhuru wa dini na haki za raia, hawakubeba silaha wala mabango. Maelfu yao walisimama kwenye uwanja wa Hviezdoslav mjini Bratislava, chini ya mvua, wakishika mishumaa kwa nusu saa, wakiimba na kusali, huku polisi wakiwamwagia maji kwa mitambo na kuwasukuma kwa magari. Sidai kwamba desturi ya makaburini ndiyo iliyozaa maandamano hayo. Yalipangwa na watu waliofikiri sana na waliojua hatari yake. Lakini naona jambo moja wazi: umati ule haukuhitaji kufundishwa namna ya kusimama kimya na mshumaa mkononi pamoja na wageni. Walikuwa wakifanya hivyo kila Novemba tangu utotoni.

Hapa hoja yangu inakutana na pingamizi zito, nami silipuuzi. Mtu atasema: ni rahisi kudharau jukwaa kama taifa lako halikuwahi kukanushwa kuwapo. Waslovakia waliishi karibu miaka elfu moja ndani ya ufalme wa Hungaria. Lugha yao ya maandishi ya leo ilitungiwa kanuni na Ľudovít Štúr na wenzake mwaka 1843 tu. Taasisi yao ya utamaduni, Matica slovenská, ilianzishwa mwaka 1863 na kufungwa na serikali ya Hungaria mwaka 1875, mali yake ikachukuliwa; shule zao tatu za sekondari zilikwisha kufungwa miaka hiyohiyo. Watu waliobaki bila shule wala taasisi walitoa walichokuwa nacho. Mwaka 1887 chama cha wanawake cha Živena kilifanya mjini Martin maonyesho ya taraza zilizokusanywa vijijini, kofia za bibi harusi, mashuka ya wazazi, aproni za Jumapili, zikapangwa ili yeyote mwenye macho akubali kwamba hapa kuna watu. Baadaye, katika Chekoslovakia mpya, Karel Plicka alizunguka vijiji akikusanya nyimbo kwa niaba ya Matica iliyofufuliwa, akapiga filamu ya Zem spieva iliyotoka mwaka 1933 na kuonyeshwa Venice mwaka uliofuata. Kwa taifa la namna hiyo kuonyesha hakukuwa majivuno. Kulikuwa njia ya kubaki.

Nalikubali hilo lote, na naongeza la kwangu. Kuna vitu ambavyo bila jukwaa vingekwisha kabisa. Fujara, ile filimbi ya wachungaji wa chini ya mlima Poľana, ni mfano mzuri. Ni bomba la mti wa elda lenye urefu unaokaribia kimo cha mtu mzima, likiwa na matundu matatu tu ya vidole. Sauti nyingine zote hupatikana kwa jinsi mpigaji anavyoongeza au kupunguza pumzi, na ndiyo maana hutoka kwanza ngurumo ya chini, kisha maporomoko ya sauti za juu zinazoshuka kwa kasi. Ilikuwa ala ya mtu mpweke aliyeongea na kondoo na mlima. Wachungaji wamepungua, na wapigaji wengi wa leo ni mafundi, walimu na wanafunzi wanaoishi mjini. UNESCO iliitambua mwaka 2005. Kama tungengoja ipigwe na wachungaji peke yao, ingekuwa imenyamaza. Vivyo hivyo ufundi wa waya: wanaume wa bonde la Kysuce, ambako udongo haukuwalisha, walitembea Ulaya nzima na kufika Marekani, wakifunga vyungu vilivyopasuka kwa nyavu za waya. Sufuria za chuma zilipokuwa rahisi kazi iliisha, na leo ufundi huo uko mikononi mwa wasanii. Jukwaa na makumbusho ni makazi halali ya kitu ambacho kazi yake ya zamani imekufa. Kosa la msafiri ni kuyafanya makazi hayo kuwa nyumba nzima ya Waslovakia.

Tena asidhani kwamba ninatofautisha cha kale na kipya. Umri hauamui kitu hapa. Nyumba za Čičmany zilizo kwenye kadi za posta zilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1921. Mlo unaoitwa wa taifa, vidonge vya viazi vilivyochanganywa na bryndza, ile jibini laini ya kondoo, na kumwagiwa mafuta ya nguruwe, haungewezekana kabla viazi havijaenea milimani katika karne ya 18, na kiwanda cha kwanza cha bryndza kilifunguliwa Detva mwaka 1787. Samaki kapor na saladi ya viazi vilienea katika meza za mkesha katika karne ya 20. Mtu akitaka kuzitupa desturi hizi kwa kuwa si za kale mno, atupe na nyingi nyingine duniani. Bibi aliyepokea saladi ya viazi kutoka kitabu cha mapishi na akaipika mara hamsini, kisha mjukuu wake akalia siku ilipokosekana, ameifanya ya jadi kwa njia pekee iliyopo.

Pingamizi la pili ni kali kuliko la kwanza, kwa sababu linatoka ndani. Nimekuwa nikiusifu mlango uliofungwa, lakini nyuma ya mlango uliofungwa kuna mambo pia. Jumatatu ya Pasaka wavulana na wanaume wa Slovakia huenda nyumba hadi nyumba. Magharibi huwachapa wasichana kwa fito za mti wa mtoni zilizosukwa, kwingine, hasa mashariki, huwamwagia maji, zamani ndoo nzima kisimani. Maana iliyorithiwa ni kwamba fito mbichi na maji ya majira ya kuchipua huwapa wanawake afya na uzuri, nao hushukuru kwa mayai yaliyopakwa rangi, siku hizi chokoleti, pesa au kikombe cha pombe kali ya plamu. Kwa kipimo changu desturi hii iko hai kabisa. Je, nadaiwa kuisifu? Wanawake wengi wa nchi hiyo wanasema waziwazi kwamba hawafurahii kuchapwa na kulowanishwa wakiwa wamevaa nguo za sikukuu, halafu watabasamu na kuwapa walewale wanaume chakula. Watetezi hujibu kwamba ni mchezo, kwamba bibi zao walinuna waliporukwa. Nawaamini bibi hao. Kurukwa kulimaanisha hakuna aliyekujali. Lakini mchezo ambao mmoja hana ruhusa ya kuukataa umekosa sharti la kuwa mchezo. Kuwa hai kunaeleza nguvu ya desturi, hakuelezi haki yake. Ndiyo sababu naona afya, si hasara, katika ubishi unaofufuka kila Pasaka: katika nyumba nyingine ndoo imekuwa matone machache ya manukato, kwingine mwanamume huuliza kwanza, na wako wanawake wanaopanda milimani siku hiyo wasikutwe nyumbani. Onyesho la jukwaani halina nafasi ya ubishi wa namna hiyo, kwani mchezaji aliyekwisha fanya mazoezi hawezi kukataa katikati ya ngoma.

Kuna mlango mwingine uliofungwa ambao unauma zaidi. Muziki ambao Mslovakia huuita wa kwao umepigwa kwa karne nyingi na Waroma. Panna Cinková, mpiga fidla wa eneo la Gemer katika karne ya 18, alikuwa Mroma, na jina lake linajulikana hadi leo. Harusi, sherehe za kanivali kabla ya Kwaresima, hata mazishi, vilikuwa na fidla na simbali za Waroma. Lakini aliyepiga muziki alilishwa jikoni au mlangoni, na leo vitongoji vingi vya Waroma mashariki mwa nchi vimejitenga na vijiji, vingine bila maji safi. Msafiri anayehesabu mila za Slovakia bila kuwataja anarudia kosa la zamani. Nami nikisema meza ya mkesha ndiyo kiini cha nchi, sina budi kuuliza ile sahani ya ziada imekuwa ya nani. Simwulizi Mslovakia swali hilo ili kumwaibisha. Jamii zinazoweka sahani ya mgeni na kumwacha jirani nje ni nyingi. Ila desturi yenyewe ndiyo iliyotamka ahadi, kila mwaka, mbele ya watoto, na ahadi iliyotamkwa mbele ya watoto ina watu wa kuidai.

Sasa nimrudie mama anayeinuka. Desturi iliyo wazi kuliko zote mezani pale ni kwamba wote hukaa na mmoja husimama. Ndiye aliyechachusha kabichi tangu vuli na kusaga mbegu za mpopi, na ndiye aliyesafisha samaki. Wachambuzi wa utamaduni hutaja asali na tufaha, mara chache hutaja miguu yake. Mlango uliofungwa uliomshinda Zápotocký ulilindwa na kazi isiyo na malipo ya wanawake, na mimi ninayeisifu nguvu ya nyumba dhidi ya jukwaa siwezi kuficha gharama hiyo. Gharama yenyewe imeanza kudaiwa. Tangu nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na hasa baada ya sheria ya Austria ya mwaka 2007 iliyohalalisha ulezi wa wazee majumbani saa 24, maelfu ya wanawake wa Slovakia, wengi wao si vijana, wamekuwa wakivuka mpaka kuwatunza wazee wa watu wengine, kwa kawaida wiki mbili huko na wiki mbili kwao. Zamu haijui tarehe. Kila Desemba wako walioko Austria tarehe 24, wakimlisha supu mzee asiye wao, huku nyumbani wanaume na watoto wakisoma maelekezo kwenye simu. Hao wanaume wanaosimama jikoni kwa mara ya kwanza wanafanya kwa ajili ya mila hiyo jambo kubwa kuliko tamasha lolote, na natamani wangeendelea kusimama hata mama akirudi.

Wapo wanaolia kwamba haya ndiyo maangamizi: supu ya kabichi inanunuliwa tayari, mikate ya mpopi inatoka kiwandani, na mikate ile mikavu ya asali inauzwa dukani kwenye mifuko kuanzia Novemba. Nawaelewa, lakini wamesahau jinsi mikate hiyo ilivyokuwa ikipatikana. Vijijini haikuokwa katika kila nyumba. Ilihitaji koleo la chuma lenye mihuri, na chombo hicho kwa kawaida kilikuwa kwa mwalimu wa kijiji, ambaye mara nyingi ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Mwalimu na jamaa yake waliioka kabla ya Krismasi, wanafunzi wakaisambaza nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikamlipa kwa alichohitaji: unga, mayai, maharagwe, mafuta, au sarafu chache, maana mshahara wake ulikuwa mdogo. Kitu kitakatifu kuliko vyote mezani pale kilitoka nje, kikalipiwa, kikaletwa na mtoto wa mtu mwingine.